Jiwe linapimwa, poda inapita
Shaba na kobalti yetu haivuki Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kihalali bila karatasi ya maabara inayotaja metali zilizomo. Kopo la protini linaloingia kwa mpaka huohuo, likielekea sale za mazoezi za Lubumbashi, linaulizwa zaidi ushuru wake. Nataka nalo lipimwe metali.

Oktoba 2025 shirika la Marekani la Consumer Reports lilipima poda na vinywaji 23 vya protini. Zaidi ya theluthi mbili vilikuwa na risasi, metali yenye sumu, inayozidi mikrogramu 0.5 katika mnywo mmoja. Poda moja ilifika 7.7. Za mimea ziliongoza, kwa wastani mara tisa ya zile za maziwa. Mmea hunywa kilichomo ardhini, jambo ambalo mkulima wa lengalenga wa hapa hahitaji kufundishwa.

Wauzaji wana hoja. Ile 0.5 ni kikomo cha siku cha jimbo la California, ambako kiwango kisichoonekana kudhuru uzazi kiligawanywa kwa 1,000 ili kujihami. FDA, mamlaka ya chakula ya Marekani, yenyewe hutumia 8.8 kwa siku kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na hapo hata 7.7 haijavuka kikomo. Tena upimaji ukipandisha bei, mteja atakimbilia poda isiyo na kopo wala lebo. Hilo nalikubali.

Lakini tuitazame vizuri hiyo 8.8. Ni hesabu ya siku nzima: bukari, mboga, maji, vyote pamoja. Aliyekunywa 7.7 asubuhi amebakiwa na 1.1 mpaka alale. Na huyo ni Mmarekani! Anayeishi chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, anaianza siku na ngapi? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha jinsi risasi, kadimiamu na hasa kobalti zilivyo nyingi katika mkojo wa wakaaji wa jirani na migodi na viwanda vya kuyeyusha. Basi anayesema "mavumbi tunayala tayari, kijiko kitaongeza nini?" amenisaidia kujenga hoja yangu.

Ninayemfikiria zaidi ni mama mjamzito. Risasi hukaa mifupani miaka na miaka. Mimba ikidai kalsiamu, mifupa huitoa pamoja na risasi, nayo huvuka kondo hadi kwa mtoto. Pemba, udongo anaotafuna, imo katika hesabu hiyo, maana udongo wa kuliwa umekutwa na risasi mara nyingi, ingawa hakuna anayeuita kirutubisho. Vidonge vya chuma alivyopewa kliniki asiviache: mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi. Ndiyo maana sitaki virutubisho vipigwe marufuku; nataka vipimwe.

Na gharama? Hakuna haja ya kufungua kila kopo. Mwagizaji achukue sampuli chache za shehena, zichanganywe, zipimwe mara moja, bei igawanywe kwa makopo yote, na matokeo yabandikwe dukani pamoja na namba ya shehena. Mashine za kusoma metali zipo mjini, zikihudumia migodi. Si kila moja itafaa, kwani maabara iliyozoea kuhesabu asilimia ya shaba, na vumbi lake limetanda mezani, itaichafua sampuli kabla ya kuisoma. OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, itabidi itenge chumba kisichoingiza jiwe.