Bahari inaanzia Ipogolo

Juzi jioni nipo Ipogolo, hapa Iringa, nasubiri daladala ya kupanda mjini, kijana akasimamisha bodaboda pale darajani, akashusha kiroba akakimwaga chote mtoni. Chupa, pampasi, makopo ya dawa ya nyanya, vyote. Nikamwambia kaka, hayo maji kuna watu wanayatumia huko chini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Usijali dada, yanaenda baharini hayo." Akapiga kiki akaondoka. Sijatulia mpaka leo.

Maana hajakosea, yanaenda baharini kweli! Ruaha Mdogo huu unaotoka Mufindi unaingia Ruaha Mkuu, unapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, unaingia Rufiji, unatokea baharini huko mbele ya kisiwa cha Mafia. Maji ya Njombe nayo kupitia Ruhuji na Kilombero yanaishia hukohuko. Wenzetu wa Mbarali pia. Yaani sisi watu wa baridi ndio tumeshika bomba la bahari halafu tunaongea kama bahari ni mambo ya watu wa Dar na Tanga.

Nilifundisha Kilindoni, huko huko Mafia, miaka miwili. Mzee mmoja mvuvi, jirani yangu, siku nimemwamkia akaniuliza natokea wapi, nikasema Iringa. Akasema, "Ahaa, mwanangu, mvua zenu zikinyesha sana huko juu sisi huku tunaona maji yanabadilika rangi." Mimi nimezaliwa kando ya huo mto na sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, ikabidi nielezwe na mtu ambaye hajawahi kufika Iringa.

Na yeye ndiye alinielewesha habari ya kamba. Kamba anataga baharini, ila watoto wake wanasogea kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Tanzania, wanakulia pale kwenye maji yaliyochanganyika chumvi na maji baridi, wakikomaa ndio wanarudi baharini. Sasa maji ya mto yakipungua chumvi inapanda ndani, rutuba iliyokuwa inashuka na mto haifiki, na hicho kitalu cha samaki ndio kinaharibika. Hata potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani anayekuja Mafia, anakula vidudu vidogo vinavyoelea majini, na hivyo vidudu vinahitaji hiyo rutuba. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu 1993, mto ambao wazee wetu waliujua unatiririka mwaka mzima, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya matope, na sisi kila mwaka tunaongeza mashine za kuvuta maji.

Najua mtanijibu nini. Pwani nao wamepiga baruti, wamevua na vyandarua, wamekata mikoko. Ni kweli, na matumbawe yaliyovunjwa na baruti hayarudi leo wala kesho. Mabwawa nayo yanazuia udongo usifike, na bwawa la Nyerere ndio hilo limejazwa, umeme tunautaka wote mimi nikiwemo. Na sawa, siyo kila chupa ya Ipogolo inafika Mafia, nyingi zinakwama Mtera, ambako ndiko wanakotoka perege na kambale tunaonunua sokoni hapahapa.

Kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni kando ya mto, naumia zaidi kwa sababu mama yangu ana kinyungu, nimesomeshwa na mahindi mabichi na maharage ya kiangazi. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni usilime, ukiifuata hiyo mama hana shamba. Siwezi kumwambia aache na sitamwambia. Ila mama anamwagilia na ndoo! Kuna watu wameweka pampu tatu sehemu moja, wanapanda mikaratusi mpaka kwenye chemchemi, wanasuuza mabomba ya dawa mtoni, na hao hawana njaa yoyote, na viongozi wa kijiji wanawajua kwa majina. Hao ndio waanze kuondolewa.

Yule kijana nimeshaulizia, anapaki kijiwe cha pale chini karibu na sheli. Jumamosi nakwenda, nina picha nilizopiga Kilindoni, yule mzee na kapu lake la kamba. Nataka azione.