Udongo wa Lubumbashi: kuupiga neutroni ao kuuyeyusha na asidi?

Ukitaja kupima metali ya sumu ndani ya udongo kwa neutroni, zile chembe ndogo za ndani ya atomu, watu wa labo wanajibu: hiyo ni ya zamani, leo tunayeyusha na asidi, tunapitisha kwa mashini ya plazma, yaani gesi ya moto sana inayoonyesha metali, jioni majibu iko tayari. Na siwakatalii kabisa. Mashini yao inaona risasi, ile metali ya sumu, vizuri, neutroni karibu haiioni, na kwa mji uliokula moshi wa shaba toka 1911 hilo ni pengo kubwa. Tena neutroni zinatoka kwa reakta, mashini ya nyuklia, na ile ya Kinshasa, TRICO II, imesimama toka 2004, sampuli lazima ivuke mpaka.

Lakini tuangalie asidi inafanya nini. Vumbi ya terili, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba, ni silikati, ngumu kama kioo, na asidi ya kawaida haiimalizi, kinachobaki kinachujwa kinatupwa na kobalti, metali nyingine iliyofungwa ndani, inaenda nayo, karatasi ya majibu haisemi kitu. Halafu ile namba ndogo ndiyo inafika komini, ndiyo avoka wa kampuni anaishika, na mama anayelima lengalenga karibu na mto anaambiwa shamba lako halina neno! Iko asidi ya floridi inayoyeyusha yote, ila ni hatari sana, labo nyingi zinaikwepa. Wengine wanasema kisichoyeyuka hakitaingia mwilini. Leo labda, lakini vumbi tunaivuta kwa mapafu na mvua inaipiga miaka na miaka, nani amepima itatoa nini kesho?

Neutroni haiombi kuyeyusha. Gramu 0.1 ya udongo mkavu inaingia reakta, neutroni inafikia kobalti yote, hata ya ndani ya kioo, sehemu yake ndogo inakamata neutroni na inageuka kobalti-60 inayotoa mionzi ya gama yenye nguvu ya keV 1173 na 1332, na detekta ya jerimaniamu, chombo cha kuhisi mionzi, inaihesabu. Kweli inachelewesha, unangoja wiki kadhaa mionzi ya sodiamu ya udongo itulie kwanza. Arseniki, sumu nyingine, ndiyo haingoji, lazima ihesabiwe mapema, kila saa 26 nusu ya mionzi yake inaisha. Ila udongo haukuharibiwa, ule ule unaweza kuhesabiwa tena na mtu mwingine, na penye kesi hilo ni jambo kubwa.

Kwa hiyo plazma ifanye kazi ya kila siku, na risasi ibaki kwake. Lakini udongo wa mabishano, ule wa karibu na terili na viwanda, sehemu yake ipelekwe kwa neutroni kabla mtu yeyote hajasaini kwamba ni safi.