Nahodha wa Wete

Shemeji yangu ni Mpemba wa Wete, na mbele ya chombo chochote kinachoelea haambiliki. Tulipokodi boti ya mfereji kule Staffordshire, Uingereza, kijana wa pale alianza kumwelekeza namna ya kushika usukani. Shemeji akamkata: "Mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya ngalawa."

Boti zenyewe ndefu kama mabasi mawili, lakini upana ni mita mbili na kidogo, kwa hiyo mkipishana ndani mmoja lazima apande kitandani. Mwendo mwisho kilomita sita na ushei kwa saa. Bibi mmoja mwenye mkongojo alitupita, akatupungia mkono.

Siku ya pili tukafika Great Haywood, pale mifereji miwili inapokutana. Ukivuka daraja jembamba la mawe, lililojengwa enzi za farasi wa mizigo, unaingia Shugborough, jumba la ukoo wa Anson. Shemeji akapigilia vigingi viwili ukingoni, akapiga fundo lake la Kipemba, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, kama fundi cherehani na koti la bwana harusi.

"Hata kusi ivume mwezi mzima, hiki chombo hakiondoki."

Ndani, mama mmoja wa kujitolea alitusimulia habari za Admirali George Anson. Mwaka 1740 alitoka na meli sita za vita, akaizunguka dunia, akarudi 1744 na moja tu. Lakini njiani aliliteka jahazi la Wahispania lililosheheni fedha, na utajiri wake ukamsaidia kaka yake Thomas kulitanua lile jumba.

"Unaona? Baharia achume, wa nchi kavu ajenge," shemeji akaguna, akinitazama mimi niliyemkopesha nauli.

Miguu ilikuwa inaniwaka moto. Nikaona kiti kizuri cha hariri, hakina mtu, ila juu yake kuna tunda kavu la msonobari. Nikajua mtoto kalisahau. Nikaliokota kistaarabu, nikalitia mfukoni, nikakaa.

Yowe alilopiga yule mama! Kumbe lile tunda ndiyo "usikae" yenyewe. Hawabandiki karatasi kwenye viti vya kale; wanaweka kitu cha kuchoma, makalio yajisomee. Niliomba radhi mara saba huku narudi kinyumenyume, na tunda bado liko mfukoni kwa kiwewe. Shemeji akacheka. Akacheka bustanini, akacheka darajani kashika nguzo.

Tulipofika mferejini akanyamaza.

Boti ilikuwa imejilaza kukingama, imeziba njia nzima. Boti nyingine tatu zinasubiri, wenyewe wanakunywa chai. Fundo lilikuwa imara kabisa, lisilaumiwe: bado limeikamata kamba, na kamba imekamata kigingi. Kigingi ndicho kilichoaga udongo.

Shemeji akavua shati, akapiga bismillahi, akajitosa. Akaogelea kwa nguvu zote, mikono inachota, tope linaruka hadi kwenye vikombe vya watu. Mzee mmoja mwenye mbwa akamwita kwa upole:

"Bwana, simama tu."

Akasimama. Maji yakamfika mapajani.

Aliikokota boti hadi ukingoni bila neno, kama mtu anayerudisha ng'ombe zizini. Na alipopanda kwenda kushika usukani, akakuta kwenye kiti cha nahodha pamewekwa tunda kavu la msonobari.