Beji ya Kuogelea Haimsubiri Mgeni Rasmi

Kuna beji nilizozitoa bila haki, na hadi leo nikizikumbuka naona haya.

Nilikuwa nasaidia kulea kundi la skauti la shule moja ya msingi hapa Kigoma. Tukaarifiwa kwamba Jumamosi anakuja mgeni rasmi. Alhamisi bado tulikuwa na watoto kumi na mmoja ambao hawajamaliza majaribio ya huduma ya kwanza. Ijumaa jioni wote walikuwa "wamefaulu". Jumamosi wakapangwa mstari, wakabandikwa beji, wakapigiwa makofi, picha zikapigwa, soda zikanywewa.

Wiki tatu baadaye, kwenye mechi ya madarasa, mtoto mmoja akaangukia jiwe na goti likachanika. Skauti aliyekuwa jirani naye alikuwa na beji yake mpya kwenye mkono wa shati. Akavua skafu, hapo alikumbuka vizuri, kisha akaizungushia kidonda kilichojaa mchanga, legelege kama anayefunga mzigo wa majani, akamwambia mwenzake asimame atembee. Aliyeokoa jahazi ni mama muuza maandazi. Alimkalisha mtoto chini, akamwosha kwa maji safi, akakandamiza kwa kitambaa alichofunikia ndoo ya maandazi mpaka damu ikatulia. Mama yule hana beji hata moja. Yule kijana alinitazama mimi, akaitazama beji yake, asiseme kitu.

Simlaumu. Beji ile ilikuwa yangu kuliko yake.

Utaratibu wa kupanda madaraja katika skauti si wa jana. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, akiwa na wavulana wapatao ishirini tu, na mwaka uliofuata utaratibu ukatangazwa: unaanza ukiwa mgeni wa safari ambaye nyayo zake bado laini, unapanda daraja la pili, kisha la kwanza, na pembeni kuna beji za ujuzi mmoja mmoja. Kila nchi imeurekebisha kivyake. Marekani wana ngazi saba, na anayetaka kufika ile ya juu kabisa, ya Tai, lazima akusanye beji 21 na amalize kabla hajatimiza miaka kumi na minane. Wenzetu wa Kenya wameyapa makundi ya umri majina matamu: Sungura, Chipukizi, Mwamba, Jasiri. Sisi bado tunasema Kabu kwa wadogo na Rova kwa wakubwa, maneno ya Kiingereza, na sijui kwa nini tunaona uvivu kutafuta majina yetu.

Ngazi ya kuanzia haina kazi nyingi. Mtoto ajue ahadi, kanuni, saluti ya vidole vitatu, na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Hilo la mwisho hutuletea vichekesho. Bibi mmoja wa Ujiji alimfokea mjukuu wake mbele ya kundi zima: "Mkono gani huo unampa mwalimu wako? Nani kakufunza?" Tulikaa naye chini tukamweleza. Alikubali kwa shingo upande, akaweka sharti kwamba mambo hayo yaishie uwanjani, nyumbani kwake asiyaone.

Ugumu unaanzia kwenye beji, na kwetu beji inayoumiza kichwa ni ya kuogelea.

Kigoma tuna Ziwa Tanganyika, kina chake kinapita mita 1,400, na upande huu kuna sehemu ambapo ukipiga hatua chache tu kutoka ufukweni huoni tena pa kukanyaga. Halafu tuna watoto wa aina mbili. Mtoto wa Kibirizi, kando ya ziwa, ameingia majini kabla hajajua kuandika jina lake. Fundo la kufungia mtumbwi ambalo mimi namfundisha kwa kamba ya manila na mchoro ubaoni, yeye analifunga gizani huku anazungumza. Mtoto aliyeletwa mjini kutoka milima ya Kasulu kuja kuishi kwa mjomba wake eneo la Mwanga, yeye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mtoni yanayoishia magotini.

Mwaka mmoja niliwapima wawili wa namna hiyo siku moja. Wa Kibirizi alikwenda na kurudi, akatoka, akaokota embe lake alipoliacha, akaendelea kula. Wa Kasulu alishika ubavu wa mtumbwi hatukuweza kumwachisha. Ilikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa saba alikubali kuzamisha uso. Wa nane alielea kidogo. Aliogelea umbali uliotakiwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, anatapika maji, macho mekundu, na wenzake wote mchangani wanapiga kelele utadhani Simba na Yanga.

Baden-Powell alishikilia kwamba beji itolewe kwa kuangalia juhudi za mtoto mwenyewe, wala si kwa kumlinganisha na kiwango kimoja cha wote. Kwenye upishi, bustani au useremala nakubaliana naye kabisa. Mtoto ambaye nyumbani hajawahi kuachiwa jiko, akipika ugali wenye mabuje mawili matatu baada ya kuunguza sufuria mara nne, mpe beji yake. Ugali wenye mabuje haujaua mtu. Lakini ziwani na kwenye damu siendi naye. Maji hayaulizi umejitahidi kiasi gani. Nikimpa mtoto beji ya kuogelea kwa kumwonea huruma, nimemwambia yeye na mama yake kwamba akianguka kwenye boti ya kwenda Kalya atafika nchi kavu. Huo ni uongo wa kuua.

Juhudi za yule wa Kasulu zinahesabika, na sana. Nazihesabu kwa kumpa muda. Kipimo sikigusi, bali tarehe naiacha wazi: mwezi mmoja, mitano, mwaka ukibidi. Hapa ndipo skauti inapoachana na shule. Darasani mtihani una siku yake na mtoto ana namba yake, wa tatu, wa arobaini na moja. Kwenye beji hakuna wa mwisho, yupo tu ambaye bado.

Wazazi ndio wagumu kulielewa hili. Yule mjomba alinijia mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mwalimu, wenzake wote wameshavishwa, huyu ana kosa gani? Au kuna kitu tunatakiwa kutoa?" Swali hilo liliniuma, lakini nikajua limetoka wapi. Tumewazoesha wenyewe. Kundi zima likibandikwa beji siku moja kwa sababu kuna gari la mheshimiwa getini, mzazi mwenye akili lazima ajiulize aliyebaki amekosa nini. Nilimwambia aje ufukweni ajionee. Alikuja na suruali yake ya ofisini, akakaa juu ya gogo, akatazama. Hakuuliza tena.

Siku hizi kwenye kundi tunalolea tuna kanuni yetu ndogo isiyoandikwa popote: anayepima si aliyefundisha. Beji ya huduma ya kwanza anakuja muuguzi mstaafu wa mtaani, na hana urafiki. Ya kuogelea wanapima wavuvi. Tarehe tunaipanga kwa kuangalia mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, mitumbwi ipo, na wenyewe wana muda wa kukaa na watoto. Mgeni rasmi akija kabla ya siku ya kupima atawakuta watoto wenye beji na wasio na beji kwenye mstari mmoja. Aliyepita majuzi alimuuliza binti mmoja wa darasa la sita mbona shati lake tupu. Binti akamjibu, "Bado naogopa penye kina, shikamoo."

Salamu ilitangulia kusahaulika, lakini jibu lilikuwa sahihi. Mbalamwezi ijayo ni zamu yake tena, na mtumbwi nimeshauombea.