Si kila kiuno kinachouma kinahitaji eksirei

Mtu akiumwa kiuno siku tatu anadai picha, na daktari asipoiandika anaambiwa hajatibu. Mimi naona daktari huyo ametibu vizuri kabisa.

Eksirei inaonyesha mifupa: pingili tano za kiuno na mapengo yaliyo kati yake. Diski yenyewe, yaani ule mto laini unaokaa kwenye pengo, haionekani, wala neva, wala misuli. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki sita, picha iwepo isiwepo. Tena ukimpiga picha mtu wa miaka 55 asiyeumwa popote, si ajabu ukakuta pengo limepungua na vimfupa vimeota kwenye kingo za pingili. Mwambie tu kwamba mgongo wake "umesagika", uone atakavyoogopa kuinama. Na mionzi yake ni zaidi ya mara kumi ya picha ya kifua.

Wapo wanaoihitaji kweli: aliyeanguka au kupata ajali, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, aliyewahi kuugua saratani, anayepungua uzito bila sababu. Lakini anayeshindwa kuzuia mkojo, au mwenye ganzi sehemu za siri, asipotezewe muda kwa eksirei. Huyo anahitaji MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata neva, siku hiyo hiyo.

Ikilazimu kupiga, ipigwe sawasawa. Ya mbele ni rahisi: mgonjwa alale chali, akunje magoti, nyayo zikae mezani, ule mpindo wa kiuno unyooke. Ya ubavuni ndiyo inayoharibiwa. Mwenye nyonga pana akilala ubavu, kiuno kinabonyea kuelekea mezani. Mionzi inayapita mapengo kimshazari, nayo yanaonekana yamebanana. Hapo ugonjwa umetengenezwa na mpiga picha. Dawa yake ni sponji chini ya kiuno, mpaka uti wa mgongo ulale sambamba na meza. Lenga pingili ya tatu, vidole viwili hivi juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Mgonjwa atoe pumzi, kisha aizuie. Kilovolti (nguvu ya mionzi kupenya) 70 hadi 80 zinatosha kwa ya mbele, ila ubavuni panda hadi 80 au 90.

Kabla ya kumshusha mezani, tazama pingili ya tano inapokutana na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno katikati ya nyonga. Nyonga hupafunika mahali hapo pakatoka peupe tupu, na pingili zilizoteleza hupatikana hapo mara nyingi. Kama hapaonekani, piga picha ndogo ya hapo peke yake, usirudie nzima.