Njaa, tamaa, au uchochoro wenye giza?

Kila panya road, magenge ya vijana wenye mapanga, wanapovuma Dar es Salaam, barazani huzuka kambi mbili. Moja inasema vijana wana njaa, wapewe kazi. Nyingine inajibu: njaa gani? Ni tamaa tu. Mbona muuza kahawa anazunguka na birika lake hadi usiku na hajamkata mtu panga? Mwaka 2022, makundi yale yalipovamia watu majumbani, hoja zote mbili zilisikika kwenye daladala ileile ya Mbagala.

Anayeanza kusoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, anaukuta ugomvi huohuo, ila wenye umri mkubwa zaidi. Mwaka 1764 Mtaliano Cesare Beccaria alimchukulia mhalifu kuwa mtu anayepiga hesabu ya faida na hasara. Kambi ya tamaa humpenda hapo, kisha husahau nusu ya pili ya hoja yake: kinachozuia ni uhakika wa kukamatwa, si ukali wa adhabu. Kwetu unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Mapanga yalitoka vilevile.

Kambi ya njaa ina Mmarekani Robert Merton. Mwaka 1938 alieleza kuwa jamii ikimhimiza kila mtu atajirike huku njia halali ni finyu, wapo watakaopita njia za panya. Ukikaa Kariakoo siku moja tu utamwelewa. Lakini mwaka uliofuata Edwin Sutherland aliwageukia wahalifu wa maofisini, wenye tai na mishahara. Zile shilingi bilioni 133 zilizochotwa kwenye EPA, akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, hazikuchotwa na wenye njaa.

Mimi naona kambi zote mbili zinamwangalia mtu mno na kuusahau mtaa. Watafiti Clifford Shaw na Henry McKay walipochora ramani za uhalifu wa vijana Chicago, waligundua kwamba maeneo fulani yalibaki na uhalifu mwingi hata wakazi wake walipohama na kuja wengine wa asili tofauti. Sasa hapa pana mtego. Ukiisoma ramani hiyo kwa pupa, Manzese inageuka “mtaa wa wezi”, na kijana wake anakamatwa kwa uzururaji kwa sababu tu amesimama kona usiku. Howard Becker aliliona hilo mwaka 1963: ukimbandika mtu jina la mhalifu, unamfungia milango mingine. Akitoka mahabusu, nani atamkabidhi bodaboda yake?

Nadharia ninayoiamini zaidi kwa jiji hili ni ya Lawrence Cohen na Marcus Felson, ya mwaka 1979. Uhalifu, walisema, hutokea vinapokutana vitu vitatu: mwenye nia, kitu cha kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Simu dirishani mwa daladala kwenye foleni inatosha kuwa mfano. Nadharia hii haitaki tuamue kwanza kama kibaka ana njaa au tamaa, na huo pia ndio udhaifu wake, maana nia yenyewe inatoka wapi haisemi. Tena Masaki watajenga ukuta na kuajiri kampuni ya ulinzi. Tandale wanategemea ulinzi shirikishi, vijana wasio na ajira wanaolinda kwa rungu, tochi na mchango wa kila nyumba.

Mkusanyaji wa mchango huo akibisha hodi, kambi zote mbili huzima taa.