Mimi Sina Kitu, Mpigeni Yule

Jamani, mimi siombi kushinda. Naomba siku moja tu nife wa pili.

Mchezo wenyewe ni wa kadi, Magic: The Gathering, mtindo wa Commander. Mnakaa wanne, kila mtu na deki yake ya kadi 100. Siyo deki ya sakafuni, ingawa anayepigwa deki kila siku ni mimi. Kila mmoja anaanza na uhai 40, kwa hiyo anayetaka kushinda kwa ngumi ana uhai 120 wa kumaliza. Kazi yote hiyo, halafu wote watatu wanaanzia kwangu!

Chanzo ni kadi iitwayo Sol Ring. Unailipia mana 1, yaani ile nguvu ya kulipia kadi, nayo inakupa mana 2 kila zamu yako. Wote wanayo. Ya kwao inajichimbia chini ya deki, ya kwangu inatokea zamu ya kwanza kabisa. Nikiiweka tu, macho sita yananigeukia kama nimefumaniwa na kuku wa jirani. "Huyu anakimbia!" Nakimbilia wapi, na mkononi nina ardhi nne, zile kadi za kutoa mana, na kadi mbili zisizochezeka?

Anayeanzisha kelele hizo ni jirani yangu wa kushoto. Nimempa jina la Mgonjwa, maana huyo bwana hachezi, anaugua. "Leo sina kitu. Ardhi zimenigomea. Chezeni tu, msinijali." Na mbele yake ametega kadi iitwayo Rhystic Study. Kila mwenzake akicheza kadi, Mgonjwa anauliza kwa sauti ya msibani: "Unalipa moja?" Usipolipa hiyo mana, anavuta kadi. Hao wawili wengine hawalipi, eti wana haraka. Asiyekuwa na kitu ana kadi tisa mkononi, na bado mezani wanasema tumwache apumue.

Nikasema basi, niivunje mimi hiyo Rhystic Study. Fanya hesabu kwanza. Mimi natoa kadi moja, Mgonjwa anapoteza moja, wale wawili hawajatoa hata jasho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na hapa kunguru wako wawili. Ndiyo maana kila mtu anamsubiri mwenzake. Ukiuliza nani ana kadi ya kuvunja, watu wanaanza kuangalia dari.

Usiniambie habari za mapatano. Niliwahi kuelewana na mmoja: "Usinishambulie raundi hii, nami sikushambulii." Kumbe kwake raundi iliisha alipomaliza zamu yake. Na kanuni za mchezo hazimlazimishi mtu kutimiza ahadi. Mdomo wako, hasara yako.

Mwaka 2025 Wizards of the Coast, wenye mchezo, wakaleta madaraja 5 ili watu waseme mapema nguvu ya deki zao. Nikashangilia. Zamani kila deki duniani ilikuwa "saba kwa kumi". Sasa kila deki ni "daraja la tatu". Mgonjwa yeye alisema yake ni la pili, akakohoa.

Sasa sikieni ya juzi. Mgonjwa, akiwa hoi kitandani, akaanza kucheza kadi yake ya kumaliza mchezo. Ikipita, tumekwisha wote. Nafasi ya kujibu inaanzia kushoto kwake na kuzunguka, na mimi niliye kulia kwake nakuwa wa mwisho. Wa kwanza akatazama kadi zake kwa huruma: "Napisha." Wa pili hata hakutazama: "Napisha." Kisha wakanigeukia, wamekunja mikono, kama watoto wanaomsubiri baba afungue mfuko.

Nilikuwa na kadi moja ya kukatisha kadi ya mwenzako isipite. Moja! Nilishaahidi nafsi yangu kwamba safari hii naitunza. Nikaitoa. Meza nzima ikashangilia, nikapigwa mabega, nikaitwa mkombozi. Nikajisikia mtu.

Mgonjwa akamaliza zamu. Yule wa kwanza akavuta kadi, akapanga majeshi yake, akayaelekeza yote kwangu.

"Kaka, mbona mimi? Si nimewaokoa sasa hivi?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Mtu mwenye kadi kama zile ni hatari. Halafu sasa huna nyingine."

Nikafa wa kwanza. Wakati nakusanya kadi zangu nikapita nyuma ya wa pili, nikachungulia mkono wake. Ana mbili za kukatisha, zimekaa zinanitazama. Nikamwambia Mgonjwa, kwa uchungu tu, aangalie upande ule.

Akajibu bila kuinua kichwa: "Mimi? Mimi sina kitu, ndugu yangu."